Tusiutwike Mwani Mzigo Wetu

Siku ziwa linapotulia, ukiinama kwenye ukingo wa mtumbwi hapa Kigoma na kutazama maji kwa subira, utawaona. Ni viumbe bapa, mviringo, laini kama ute wa yai, ukubwa wa sarafu, wanajikunja na kujikunjua polepole mithili ya mwavuli. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walimchota mmoja kwa kikombe cha plastiki pale Katonga, wakaniletea mbio: "Mwalimu, huyu ni samaki gani?" Nilikiinua kikombe kwenye jua. Mwili wake ulipitisha mwanga kama kioo, na pembeni alizungukwa na nyuzi fupi nyembamba kama kope.

Si samaki. Jamaa zake wa baharini watu wa pwani huwaita konyeza, na wanawaogopa kwa sababu wanawasha. Huyu wa kwetu hamdhuru mtu. Mjerumani Richard Böhm alimwona ziwani humu mwaka 1883, na wanasayansi wa Ulaya wakashangaa, kwa kuwa hawakutarajia kiumbe wa ukoo huo katikati ya bara, mbali na maji ya chumvi. Mwingereza J.E.S. Moore alifika mara mbili mwishoni mwa karne ya 19, akaamini kwamba Ziwa Tanganyika liliwahi kuunganika na bahari. Alikosea, ziwa hili lilizaliwa ardhi ilipopasuka kwenye Bonde la Ufa, mamilioni ya miaka iliyopita. Lakini konyeza wetu kweli ana undugu na wa baharini. Ukoo wake ndio ukoo wa matumbawe. Na watafiti waliomchunguza hapa ziwani walikuta ndani ya miili ya wengi wao bakteria wadogo mno wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kama yafanyavyo majani.

Ndiyo maana mimi, mtu wa ziwa, ambaye kuifikia bahari ni safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200, nafuatilia kwa karibu habari za mwani unaoishi ndani ya matumbawe. Miaka hii habari hizo zimekuja na tumaini: kwamba zipo aina za mwani zinazostahimili joto, na kwamba matumbawe yenye mwani huo yatavuka salama. Natamani iwe hivyo. Ila namna tunavyolipokea tumaini hilo inanitia hofu, na hofu yangu ina sababu, kwa maana ziwa letu limekwisha kutuonyesha joto linavyoanza na kitu kidogo kisichoonekana kwa macho na kuishia kwenye sahani ya mtu.

Anayeyajua matumbawe kwa kuyaona kwenye kuta za Mji Mkongwe au Bagamoyo anadhani ni mawe. Jiwe lile ni nyumba. Mwenye nyumba ni mnyama. Polipi mmoja ni kifuko chenye mdomo uliozungukwa na mikono midogo, na ndani ya seli za mwili wake amehifadhi mwani wa seli moja. Mwani huo ni mdogo kiasi kwamba ukiupanga kwa mstari, mia moja huenea kwenye milimita moja. Sentimita moja ya mraba ya tumbawe lenye afya hubeba mwani kwa mamilioni. Rangi ya kahawia, ya dhahabu au ya kijani unayoiona kwenye matumbawe sehemu kubwa ni rangi yake.

Makubaliano yao ni ya kale. Mnyama hutoa makazi, hewa ya ukaa na mabaki yake yenye naitrojeni. Mwani hutumia mabaki hayo pamoja na jua kutengeneza sukari, kisha hummegea mwenyeji. Katika mwanga mzuri, hadi asilimia 90 ya nguvu anayoihitaji mnyama hutoka kwa mwani huo. Bila sukari hiyo hawezi kujenga mwamba kwa kasi inayoshinda mawimbi na viumbe wanaoutoboa.

Hapa pana jambo ambalo watu wa Kigoma wanapaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Tunasifiwa kwa maji yetu maangavu. Mgeni anasimama Ujiji au Gombe, anaona mawe chini kabisa, anasema maji haya ni safi. Ni safi kweli, na pia yana njaa. Maji huwa maangavu kwa sababu mwani ndani yake ni mchache, na mwani ni mchache kwa sababu mbolea ya kuulisha ni ndogo. Bahari ya matumbawe iko vivyo hivyo: buluu, angavu, na maskini wa virutubisho. Matumbawe yameweza kujenga miji mikubwa ndani ya umaskini huo kwa sababu yanalima ndani ya miili yao na hayatupi hata tone la mbolea. Ziwa letu halina mpango huo. Mwani wake unaelea, na mbolea yake iko chini sana gizani.

Joto hufanya nini? Mwani wa matumbawe hunasa mwanga kwa mitambo midogo iliyo ndani ya seli. Maji yakizidi joto huku jua likiwa kali, mitambo hiyo huharibika haraka kuliko inavyokarabatiwa. Nguvu ya mwanga inayokosa pa kwenda hugeuka kuwa oksijeni kali inayounguza seli za mwani na za mnyama. Mshirika aliyekuwa akilisha nyumba sasa anatia sumu, na mnyama humtoa. Tumbawe hubaki na ngozi isiyo na rangi juu ya mifupa myeupe. Huko ndiko kupauka. Halijafa bado, lakini lina njaa, na joto lisipopungua ndani ya wiki chache litakufa.

Kipimo chake kinashangaza kwa udogo. Inatosha maji yapande nyuzi joto 1 tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto zaidi mahali pale, na yakae hivyo kwa wiki kadhaa. Nyuzi 1! Mtu hawezi hata kuihisi akitia mkono majini. Na uharibifu huanza kabla ya weupe kuonekana: watafiti wamekuta kwamba tumbawe likipata joto, mwani huanza kujibakizia chakula na kumnyima mwenyeji, huku rangi ikiwa bado nzuri.

Pwani yetu imeyaona haya. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ya magharibi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakafa kwa wingi Misali kule Pemba na Tutia kule Mafia, wakati yale ya Chumbe yaliumia kidogo zaidi. Joto likarudi 2016. Likarudi tena 2024, na Aprili mwaka huo wataalamu wakatangaza kwamba dunia imo katika upaukaji wa nne wa matumbawe unaogusa bahari zote kuu. Hesabu ya 2025 ilionyesha kuwa asilimia 84 hivi ya miamba ya matumbawe duniani ilikuwa imepata joto la kiwango cha kupausha.

Katika kila tukio kama hilo kuna tumbawe linalopauka na jirani yake lisilopauka, yakiwa ya jamii moja, kwenye mwamba mmoja. Swali la kwa nini ndilo lililowapeleka watafiti kwenye mwani. Zamani walidhani mwani huu ni wa aina moja. Leo umegawanywa katika jenasi kadhaa, na mgawanyo uliochapishwa 2018 ndio unaotumika. Mbili kati yake zinatosha kwa hoja yangu: Cladocopium, inayopatikana sana katika Bahari za Hindi na Pasifiki, na Durusdinium, ambayo katika matumbawe mengi huwa wachache, wamejificha kama akiba ya pembeni.

Mwaka 2006 Ray Berkelmans na Madeleine van Oppen walionyesha Australia kwamba tumbawe la jamii ileile likihama kutoka Cladocopium kwenda Durusdinium hupata ustahimilivu wa ziada wa nyuzi joto 1 hadi 1.5. Mwaka huohuo visiwa vya Keppel, hukohuko Australia, vilipata joto. Karibu matumbawe yote ya jamii iliyofuatiliwa yalikuwa na Cladocopium ya aina moja kabla ya joto. Baada yake, mengi ya yale yaliyosalia yalikuwa yamebadili mwani. Wengine walikuwa wamependekeza tangu 1993 kwamba pengine kupauka si ugonjwa tu, ni njia ya tumbawe kufukuza mshirika aliyeshindwa na kumpisha anayeweza.

Ukisoma hadi hapo utafurahi, nami nilifurahi. Ila ukiishia hapo umesoma nusu ya habari.

Mwani unaostahimili joto ni mchoyo. Katika jaribio moja la Australia lililochapishwa 2004, matumbawe machanga yenye Cladocopium yalikua mara mbili hadi tatu ya kasi ya yale yenye Durusdinium. Tumbawe linapata uhai na kupoteza ukuaji. Na mwamba unaokua taratibu huliwa na mawimbi, na samaki wa pwani hukosa mashimo ya kujificha na kuzalia. Ndiyo maana joto likipita, matumbawe mengi humrudia mshirika wa zamani ndani ya miaka michache. Sioni ujinga katika kurudi huko. Mkulima wa Kasulu aliyepanda mtama kwa ajili ya ukame hurudi kwenye mahindi mvua ikirejea, kwa sababu familia inakula mahindi. Shida ni kwamba ukame wa baharini sasa unarudi kabla shamba halijakaa sawa.

Isitoshe, si kila tumbawe linaweza kubadilisha. Yapo yanayorithisha mwani kupitia mayai, mama kwa mtoto, na yapo yaliyofungamana na aina moja tu. Na kwa yale yanayoweza, dari ipo. Ghuba ya Uajemi ina mwani wake maalumu wa joto, na matumbawe ya huko huishi kwenye maji ambayo kiangazi hupita nyuzi 34, joto ambalo lingeua matumbawe ya Mafia. Wengi waliyatolea mfano. Mwaka 2017 joto la Ghuba likavuka hata mpaka huo, na karibu na Abu Dhabi theluthi mbili ya matumbawe ikapotea. Mfano wetu bora wa ustahimilivu nao ulivunjika.

Tuweke hesabu mezani. Kubadili mwani kunalipa tumbawe nyuzi 1 hadi 1.5. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa joto la dunia kuvuka nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi lilikadiria 2018 kwamba dunia ikitulia kwenye nyuzi 1.5, miamba ya matumbawe itapungua kwa asilimia 70 hadi 90. Ikifika 2, kwa zaidi ya asilimia 99. Bahari haipandi joto sawasawa na nchi kavu, najua, na hesabu hizi mbili haziwekwi bega kwa bega kirahisi. Hata hivyo, ustahimilivu tunaousherehekea unalingana na deni ambalo tumekwisha kulikopa.

Maabara nazo hazijakaa bure. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walitangaza kwamba walikuza mwani kwa miaka minne kwenye nyuzi 31, wakapata koo kumi za mwani zilizozoea joto. Tatu kati yake ziliyasaidia mabuu ya matumbawe kutopauka. Nawaheshimu watu wanaokaa miaka minne wakitunza chupa za mwani. Kazi hiyo iendelee. Lakini mabuu ndani ya chupa si mwamba wa Songosongo, na hakuna mwanamaabara atakayepanda mwani kwenye kila polipi kutoka Tanga hadi Mtwara.

Sasa nirudi nyumbani, kwa kuwa hapa ndipo naona somo lote kwa ukamilifu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Duniani linazidiwa kina na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Uso wake mwaka mzima hucheza kati ya nyuzi 24 na 28, na chini kabisa ni takribani 23. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini maji ya moto ya kitropiki huwa mepesi kwa haraka, hivyo nyuzi mbili tatu zinatosha kuyalaza yale ya juu kama mafuta juu ya mchuzi. Mbolea yote iliyozama iko chini, ambako hakuna oksijeni. Kinachoipandisha ni upepo wa kusini wa Mei hadi Septemba, ule ambao pwani wanauita kusi. Unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, ya chini yanapanda kusini mwa ziwa, tabaka zinayumba, mwani unashiba. Mwani ukishiba, wadudu wadogo wa majini wanashiba, dagaa wanashiba, na migebuka wanawafuata.

Ziwa likipata joto, tabaka la juu linakuwa jepesi zaidi na upepo unashindwa kulichanganya. Utafiti ulioongozwa na Catherine O'Reilly, uliochapishwa 2003 katika jarida la Nature, ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma tope la chini ya ziwa, wakakuta kwamba samaki walianza kupungua pamoja na ongezeko la joto katika karne ya 19, kabla ya uvuvi wa kibiashara kuanza.

Linganisha. Kwa tumbawe, joto huunguza mwani ndani ya nyumba. Kwa ziwa, joto halimuunguzi mtu. Linafunga tu mlango wa ghala. Na dagaa hana mshirika wa akiba mwilini. Hawezi kumtoa mwani aliyeshindwa na kumkaribisha mwingine. Tunachokiita ustahimilivu kwenye matumbawe ni fursa ambayo viumbe wengi, pamoja na sisi tunaowala, hatukujaliwa. Atakayejenga sera ya nchi juu ya uwezo wa mwani kuzoea amejenga juu ya kisa cha pekee.

Pita Kibirizi asubuhi baada ya usiku wa giza, taa za mitumbwi zikiwa zimezimwa. Mama amemwaga dagaa kwenye kichanja, anawatandaza kwa viganja, mmojammoja asimlalie mwenzake, wanang'aa kama bati jipya. Akimaliza nusu ya kichanja anasimama na kutazama nusu iliyobaki tupu. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia wavuvi wamezidi, nyavu ni ndogo, watu wa ng'ambo wanavua usiku na mchana. Ana haki. Yote hayo yapo. Lakini kwenye orodha yake hakuna joto wala upepo, na silaumu, kwani kwenye mikutano yetu pia havimo.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Miezi hiyo ndiyo ya upepo, mlango wa ghala unapofunguka, na kumwachia dagaa nafasi ya kula wakati huo ni busara. Kinachoniuma ni kwamba mvuvi alibeba maelezo yote ya upungufu peke yake, akaambiwa akiacha miezi mitatu samaki watarudi. Wakirudi kidogo kuliko ahadi, kwa sababu mwaka ule upepo ulikuwa dhaifu au uso wa maji ulikuwa na joto, ataamini amedanganywa, na mwaka unaofuata hatatii. Kumwambia ukweli wote ndiyo njia ya kulinda hata ile nusu iliyo mikononi mwake.

Pwani jambo ni lilelile. Tumbawe lililodhoofishwa na maji taka hupauka mapema, maana naitrojeni ikizidi mwani huota hovyo ndani ya mwenyeji na kuharibu mizani ya chakula chao. Tumbawe lililovunjwa na mabomu ya wavuvi halina mwani wa kubadilisha. Ndiyo maana nasema mwani unaostahimili joto unampa faida anayetunza nyumba yake. Mkondo wa Pemba, kati ya kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, una kina kirefu na maji ya baridi yanayopanda, na watafiti wanauhesabu kuwa kimbilio la matumbawe. Kimbilio hilo likilindwa dhidi ya taka, tope na baruti, mwani una mahali pa kufanyia kazi yake. Lisipolindwa, tutakuwa tumemtwika kiumbe wa seli moja kazi ambayo halmashauri, wizara na wachomaji wa makaa ya mawe wa dunia nzima wameikwepa.

Ninachoomba kwa upande wetu ni kidogo. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa mjini. Joto la maji, nguvu ya upepo na wingi wa mwani vipimwe kila wiki, na namba zisomwe kwenye mialo pamoja na bei ya dagaa, kama redio inavyosoma utabiri wa mvua. Tarehe za kufunga ziwa zipangwe kwa namba hizo. Mvuvi anayeujua mwaka wa joto kabla haujamfika anaweza kupunguza mkopo wa injini, na mama wa kichanja anaweza kuweka akiba.

Shuleni tumeanza kwa tulichonacho. Yule konyeza tulimrudisha majini siku ileile, na kuanzia juma lililofuata wanafunzi wakaanza kwenda kushusha kipimajoto ndani ya chupa yenye tundu, kwa kamba iliyofungwa mafundo kila mita tano. Wanaandika joto la juu na la fundo la nne, kisha wanachora mstari kwenye karatasi ya ukutani. Mwezi uliopita babu mmoja wa mwaloni aliyekuja kulipa ada ya mjukuu wake aliusimamia mchoro ule muda mrefu.

"Mwalimu," akaniuliza, "huu mstari ukipanda ndiyo dagaa wanashuka?"

Nikamweleza habari ya tabaka na ghala. Alisikiliza hadi mwisho, akagusa karatasi kwa kidole.

"Sasa upepo mmeuandika wapi? Hizi siku mbili hapa upepo ulipiga usiku kucha, sisi hatukuingia ziwani. Ndiyo maana mstari wenu umeanguka."

Tulilinganisha tarehe na kumbukumbu yake, zikaoana. Daftari letu sasa lina safu ya tatu, na kila Jumatano mwanafunzi mmoja hupita kwa yule babu kuijaza.